Kidole cha Mama Mkwe

Siku hizi kila nyumba hutikisa betri moja ya gari la umeme kwa siku arobaini kabla haijaruhusiwa barabarani. Ya kwetu ilitetema kwenye meza yake ya kutikisia sebuleni, kasha lake la nyuzi za kaboni na gundi likiwa jepesi kama kibuyu. Mama mkwe wangu, Kobilo, hakutaka mtikisiko wa bure upotee. Alifunga kibuyu cha maziwa juu yake, tukala siagi hadi tukanenepa, na mtoto wangu akawa analala fofofo kwa ule mtetemo.

Siku ya arobaini mkaguzi alikuja, akasoma kipimo chake. “Nzima kabisa, Mama.”

Kobilo akaligonga kasha kwa kidole, kama anavyogonga vibuyu sokoni kabla ya kununua. “Limepasuka. Kitu kizima hakiitikii hivi.”

Mkaguzi akafungua kifuniko ili tu kumridhisha. Ndani mlikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

“Mama, wewe tukuajiri!”

Tulicheka sana. Kobilo alikwenda kwenye ukuta uliotetema pamoja na betri siku zote arobaini, akagonga, akasikiliza, akagonga tena.

“Chelagat,” akaniita taratibu, “mtoe mtoto nje.”