Pembe ya Mshipa

Daktari alichora mishipa ya damu, fundi bomba akaona tii, kile kiungio cha bomba la njia tatu.

"Kumbe ni kama kazi yangu," alisema, akaivuta karatasi upande wake. "Bomba likigawanyika, maji yanapiga pale kwenye maungio mchana kutwa. Ukikosea pembe, hapo ndipo panapoanza kuvuja."

Daktari alicheka kidogo, ingawa habari yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Ndani ya kichwa cha Elbo, rafiki wa fundi na mwenzake kazini kwa miaka ishirini na mitano, mshipa mmoja uligawanyika kwa pembe mbaya. Damu ilipiga ukuta uleule mpaka ukuta ukachoka, ukatuna, ukafanya kifuko. Kifuko kikapasuka Elbo akiwa amepiga magoti chini ya sinki la watu. Hakumaliza hata kuomba spana.

"Umbo la mishipa mara nyingi linafuata damu ya ukoo," daktari aliendelea. "Si kila mwenye umbo hilo anapata kifuko, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Baba yake Elbo alikufa hivyohivyo. Dada yake pia. Sasa watoto wake wote waliofikisha miaka kumi na minane wapigwe picha ya kichwa. Kifuko tukikiona mapema, tunaweza kukiziba."

Fundi alilibeba jambo lile kama la kwake. Mjane alikuwa hajielewi, na watoto wake wawili, binti na kaka yake, hawakutaka hata kusikia neno hospitali. Kila jioni fundi alitoka kazini na vumbi lake, akapitia kwao kubembeleza.

"Baba mdogo, mimi siumwi popote," binti alimwambia.

"Hata baba yako hakuwa anaumwa popote," alijibu fundi.

Lakini watu wana midomo, bwana. Wiki ya pili haijaisha, mtaa mzima ulishajua kwamba fundi anamfariji mjane kupita kiasi. Waliokuwa hawajawahi kumpelekea mjane hata ndoo ya maji ndio waliojua zaidi. Maneno yakamfikia mke wa fundi, na mke wa fundi akabadilika. Chakula anapakua, hali. Macho mekundu, akiulizwa anasema mafua. Hata kitindamimba wao, binti wa mwisho, alipotimiza miaka kumi na minane mwezi uleule, mama mtu hakutabasamu.

Fundi akajua ni wivu tu. Ilimuuma sana, maana mjane huyo, shemeji yake, yeye hajawahi kumtamani hata kwa mawazo.

Jioni moja mkewe alimuuliza wakiwa jikoni, mgongo kamgeuzia.

"Wanaopimwa ni wangapi?"

"Wawili. Kwani Elbo ana watoto wangapi?"

"Wawili tu," mkewe alisema, akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. "Na asiyepimwa?"

"Asiyepimwa anatembea na kifuko chake kichwani, hana habari. Mama watoto, kama una la kunisema, niseme. Usinizunguke."

"Wewe sina la kukusema."

Fundi akaelewa kwamba anayetafutwa ni mjane. Alitoka nje akasimama uani, hasira zimemkaba. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto watatu, hajawahi kulala nje bila kuaga, na shukrani yake ndiyo hii. Alijionea huruma mwenyewe, na sijui nani angemlaumu.

Siku ya vipimo ilifika. Kaka mtu alitoka salama, mishipa yake haina neno. Dada yake alikutwa na kifuko, kidogo kama dengu, palepale mshipa unapogawanyika. Daktari alisema kitazibwa wiki ijayo, na kwamba wangechelewa mwaka mmoja tu, angekuwa anazungumza habari nyingine.

Fundi aliegemea ukuta wa korido akalia waziwazi, mtu mzima na mikono yake mikubwa. Mjane alimshika mkono.

"Shemeji, umeniokolea mtoto."

Ndipo fundi alipoinua macho akamwona mkewe anakuja, kavaa nguo ya kutokea, kamshika kitindamimba wao mkono. Na mkono wa mjane bado uko juu ya mkono wake. Fundi akauchomoa mkono wake haraka. Leo anaaibishwa mbele za watu, tena mbele ya mtoto.

Alimwahi katikati ya korido.

"Mama watoto, nakuomba, si hapa. Nakuapia, mimi na yule hakuna kitu."

"Najua hakuna kitu," alisema mkewe. Sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Nipishe, baba watoto."

Alimpita. Akampita mjane pia bila kumtazama usoni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya muuguzi. Fundi alimfuata nyuma, tayari kumvuta akianza kupayuka.

Muuguzi aliinua kichwa kutoka kwenye orodha yake.

"Mama, samahani, leo tunapima watoto wa marehemu tu."

"Najua," alisema mkewe, akamshika binti yao mabega na kumsogeza mbele. "Huyu ndiye wa tatu."