Mpira wa Juu

Mpira wa Baba ulipaa juu kabisa, kama anavyoipiga mipira yake yote ya tenisi siku hizi. Niliinua raketi niubamize chini, nimmalize.

Hapo nikamwona ng'ambo ya wavu. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio, akingoja mlio wa raketi yangu ili ajue akimbilie wapi.

Nikashusha mkono. Nikauacha mpira udunde, kisha nikamrudishia palepale aliposimama.

"We binti, mbona umeuacha udunde? Mpira wa juu haungojwi, nilikufundisha mwenyewe!"

"Jua limenipiga machoni, Baba."

"Ah, hapo sawa." Akakinga uso kwa kiganja. "Leo linawaka kwelikweli."

Mawingu mazito yalikuwa yametanda tangu asubuhi.