Chungu Njiani

Hapana, hakulala mbele ya lori, nani kakudanganya? Alipika. Bi Sijaona, yule mwenye shamba la mihogo pale ukingoni, alipanga mafiga matatu katikati ya njia ya kushukia mtoni, akabandika chungu cha kunde. Maana malori yakizoa mchanga wa mto kila siku, mto unazidi kuchimbika na ukingo unaporomoka, na mistari sita ya mihogo yake, mitamu ile, ilikuwa imeshakwenda na maji.

"Mama, tupishe," dereva akasema.

"Pita. Ruka chungu kilicho motoni, tuone kwenu walikulea vipi."

Wapakiaji wa mchanga waliokuwa juu ya lori wakacheka. Dereva alikuwa mwenyeji wa palepale, na alijua kwamba mtu akivuruga mafiga yenye moto, hakuna nyumba itakayomkaribisha chakula tena. Akazima injini.

"Kunde zinaiva lini?"

"Mto ukirudisha mihogo yangu."

Lakini harufu ikapanda, na njaa haina ujanja. Kunde zilipoiva, Bi Sijaona akachukua maji awanawishe.

"Na kesho, mama?" dereva akauliza.

"Kesho nabandika maharage. Nawa, mwanangu."

Wakachomeka sepetu zao mchangani, wakaketi wote kula, na lori tupu likabaki limeinamia mto.