Kati ya Sufuri na Mia

“Kutembea,” Kinya alisoma kwenye tableti. “Huna shida, una shida kidogo, ama huwezi kabisa?”

Felicitas alitazama mlangoni kwanza. “Natembea nikishika ukuta. Ukuta ukiisha, nakaa chini.”

Kinya akabonyeza. Ilikuwa nyumba yake ya mwisho siku hiyo huku Muthara, na alikuwa amebadilishana eneo na mwenzake Mutuma ili aifikie. Mutuma hakuuliza sababu. Mradi wao ulitaka kujua kama dawa mpya ya maumivu ya saratani inafaa gharama yake, kwa hiyo maumivu ya kila mtu yaligeuzwa nambari. Baada ya mwaka mzima wa nambari, Kinya alikuwa amekufa ganzi. Aliuliza kama anayeuliza bei ya viazi.

“Kuoga?”

“Siwezi. Najipanguza tu.”

“Na maumivu?”

Felicitas akatazama mlangoni tena. Huku milimani mgonjwa hata akiwa hoi husema yuko sawa, Mungu ni mwema. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini wahenga hao hawakuwahi kuishi na watu wa Muthara. Mbele ya tableti ndipo wengi hutoboa siri, kwa sababu tableti haiendi kanisani.

“Haya majibu nani anaona?” akauliza.

“Ni siri, mama. Mimi naandika tu.”

“Hata msichana wangu hawezi ambiwa?”

“Hata yeye.”

“Basi andika ni mbaya kabisa. Usiku nauma shuka ndiyo majirani wasisikie. Yeye akija Jumamosi naamka mapema, nachuma mboga ya sukuma, nacheka. Daktari alisema maumivu yakizidi nirudishwe wodi. Sasa huyo akijua, ataacha kazi akae na mimi huko. Sitaki.”

Kinya aliumia, lakini maumivu yake hayakuwa na kisanduku kwenye tableti. Akabonyeza ‘mbaya kabisa’.

“Wasiwasi?”

“Huo ni wa huyo msichana tu. Mimi kufa siogopi.”

“La mwisho. Kutoka sufuri hadi mia, afya yako leo ni ngapi? Mia ndiyo nzuri kabisa.”

Felicitas alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu asiyetaka kumpunja mtu.

“Nane.”

Kinya akaandika nane. Akamshukuru kwa muda wake, kama mradi unavyoagiza. Akazima tableti, akavua koti la mradi, akalikunja na kuliweka kando. Kisha akasogeza kiti karibu, akaushika mkono wa yule mama.

“Mum,” akasema, “umeshindaje leo?”

“Niko sawa kabisa,” Felicitas akamjibu bintiye, akaanza kuinuka amchemshie chai.