Farasi wa Tarehe Kumi na Tatu

Teppei alikuwa ameinama juu ya injini inayounguruma, kijiti cha udi kikifuka mkononi, kama mtu anayeiombea ipone. Upepo wa feni alikuwa ameukinga kwa kipande cha boksi. Alikipitisha kijiti taratibu kando ya mpira mnene unaoingiza hewa. Moshi ulipanda wima, ukapanda tena, kisha ghafla ukapinda na kufyonzwa ndani.

"Hapa," alisema. "Gari linavuta hewa ya wizi."

Mama Orihara, mteja wake, alivaa miwani akachungulia. Udi ulikuwa wake. Teppei alipolalamika kwamba hana kitu chembamba cha kutoa moshi, mama huyo alifungua mkoba akatoa bunda zima.

Gari lilikuwa la mwaka 1978, rangi ya maziwa, na lilimtesa Teppei kwa siku nne. Alisafisha chujio la hewa. Alizitoa nozeli sita, akazisafisha moja moja mpaka zikanyunyiza petroli kama ukungu. Bado, kila liliposimama, lilikohoa na kuzima. Sasa alielewa. Hewa ilitakiwa kupita kwanza kwenye kopo la kuipimia, ili nozeli zijue zitoe petroli kiasi gani. Ile iliyopenyea kwenye ufa wa mpira haikupimwa, na petroli ikawa haitoshi.

"Lazima lipone kabla ya tarehe kumi na tatu," alisema Mama Orihara. "Saa kumi na moja jioni nakwenda kumchukua mume wangu. Mwaka jana lilizima mara tatu njiani. Tumefika nyumbani, supu imeshakuwa barafu."

Teppei alikuwa amehamia mji huo majira ya kuchipua, kurithi gereji ya mjomba wake. Magari ya pale alishayajua, watu bado. Lakini habari ya akina baba wanaopelekwa kazini mbali na kurudi kwa likizo ya Bon, sikukuu ya kiangazi ya kukusanyika nyumbani, aliijua vizuri, maana baba yake alikuwa mmoja wao. Aliuliza mzee anapewa likizo ya siku ngapi.

"Tatu. Kwa mwaka mzima."

"Mwajiri wake ni katili, mama."

"Sijamsikia akilalamika," alijibu Mama Orihara, akajimiminia chai ya shayiri iliyokuwa ya Teppei.

Shida ikawa mpira. Maduka matatu yalimwambia Teppei kwamba haukutengenezwa tena tangu yeye hajazaliwa. Alijaribu kuufunga kwa utepe, joto likaubandua. Tarehe kumi na mbili alishuka hadi kwa mzee mmoja wa magari mabovu, huko bondeni, akakuta gari la aina ile ile, mti umeota kupitia dirishani. Mpira ulikuwa mzima. Mzee alimwambia auchukue, ila asiuguse mti, kwani mwaka huu ungezaa.

Mchana wa tarehe kumi na tatu, Mama Orihara alipofika, alimkuta fundi amekaa kwenye benchi akilichomekea tango njiti za kiberiti, nne, ziwe miguu. Kando yake palikuwa na biringanya ikingoja zamu. Mama yake Teppei alikuwa amempigia simu mara mbili kumkumbusha desturi ya Bon: farasi wa tango wa kuwaleta nyumbani mbio mbio wazee waliokwisha fariki, na ng'ombe wa biringanya wa kuwarudisha polepole, maana hakuna anayetaka waondoke upesi.

Mama Orihara alilitazama lile tango likipepesuka mezani, akacheka mpaka akafuta macho.

"Huyo ana ugonjwa wa magoti. Tena mume wangu na farasi hawaivi. Yeye bila gari lake haji."

"Basi aje kifalme," alisema Teppei, akawasha injini.

Haikukohoa. Aliiacha ingurume robo saa nzima, gari likiwa limesimama, akaweka glasi ya chai juu ya boneti, na chai haikutikisika. Mama Orihara aliitazama glasi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama Orihara alipokaa kwenye usukani, Teppei alimuuliza kama mzee hatataka kuliendesha gari lake mwenyewe.

"Siku hizi dereva ni mimi. Yeye anakaa kushoto, kimya. Zamani angenifundisha kila kona." Akafunga mkanda. "Huwezi kuamini, fundi, lakini naikosa ile kelele yake."

Akaondoka, gari likipanda kilima kwa wepesi, nyenze wakilia pande zote.

Asubuhi ya tarehe kumi na sita gari lilirudi gereji. Teppei alilisikiliza kutoka mbali na hakusikia kosa. Alitoka akifuta mikono, akauliza kimeharibika nini.

"Hakuna. Safari hii supu ilikuwa ya moto." Mama Orihara aliinamisha kichwa kumshukuru. "Ule mpira wa zamani umeutupa?"

Haukuwa umetupwa. Ulining'inia msumarini.

"Naomba uurudishe."

Teppei alidhani hakusikia sawasawa. Alimkumbusha kwamba kwa mpira ule gari lingezima njiani, pengine mara tatu.

"Likizima mara nne itakuwa vizuri zaidi."

Ndipo Teppei alipotazama kiti cha kushoto. Mkanda ulikuwa umefungwa na kukazwa vizuri juu ya picha kubwa ya mzee anayetabasamu, fremu yake imezungushiwa utepe mweusi.

"Leo namrudisha," alisema Mama Orihara. "Farasi wako alikuwa mzuri sana, fundi. Sasa nipe ng'ombe."