Viatu vya Kwanza vya Tunje

Tunje alipigwa na butwaa. "Mimi si mtoto wa klabu hii? Kocha, nimekulia hapa!"

Kocha Bahero aliinamisha kichwa. Sheria ya ligi ya raga ilisema mshahara wa mchezaji aliyelelewa na klabu yake hauhesabiwi kwenye kikomo cha jumla ya mishahara ambacho kila klabu imewekewa. Lakini mlezi, kwa sheria hiyo, ni klabu iliyomsajili kwanza.

"Unakumbuka mechi yako ya kwanza, kule kwa wapinzani? Walipungukiwa na mtu, nikakuazima kwao ili mchezo usivunjike. Kumbe walikusajili. Sasa mshahara wako wote unahesabiwa, na kikomo chetu kimejaa. Itabidi uondoke."

"Kwa hiyo wema wako ndio ulioniponza?"

"Wema huo umetuponza sote, mwanangu."

Ukutani vilining'inia viatu vya kila mtoto aliyelelewa pale, vilivyotundikwa baada ya mechi yake ya kwanza bila kuoshwa. Tunje alivitungua vyake, vidogo vya kuenea kiganjani. Tope kavu likamdondokea mkononi.

Uwanja wa hapo klabuni ulikuwa wa udongo mweusi tititi. Tope lile lilikuwa jekundu.