Hodi ya Tatu

Miaka hiyo gari jipya la umeme halikupokelewa kwa saini. Lilijiendesha lenyewe hadi mlangoni kwako na kupiga hodi mara tatu. Aliyeitikia "karibu" ndiye aliyekuwa mwenye gari mpaka lichakae. Lisipoitikiwa, lilirudi zake kiwandani.

Nasra aliijua sheria hiyo, kwa hiyo hodi mbili za kwanza alizinyamazia. Alilizunguka gari polepole akikagua matairi, vioo na waya wa kuchajia. Kwenye mlango wa nyuma akaona mkwaruzo, mdogo kama ukucha.

"Hili silipokei," akajisemea. "Lirudi lilikotoka."

"Hodi!" gari likaita kwa mara ya mwisho.

"Karibu! Karibu, mwanangu!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Mama yake Nasra alikuwa amesahau mengi, hata jina la bintiye, lakini hodi hakuwahi kuiacha bila jibu. Akatoka akijitanda khanga, na mlango wa gari ukamfungukia, akapanda.

"Ahsante, mama," gari likasema. "Twende wapi?"

"Nipeleke nyumbani, Pangani. Mama ananingoja. Huyu dada kila siku ananiambia kesho."

Mama huyo aliyemtaja, bibi yake Nasra, alikuwa kaburini mwaka wa arobaini sasa. Nasra akagonga kioo kwa viganja viwili.

"Fungua! Mwenye gari ni mimi!"

"Samahani, dada," gari likajibu kwa upole. "Sikukusikia ukinikaribisha."

Likaanza kuondoka taratibu. Nyuma ya kioo mama yake akampungia mkono kwa adabu, kama mgeni anayemuaga mwenyeji wake.